Habari za Sare ya Shule

Kila mwezi wa Januari, shule zifunguliwapo katika nchi yetu ya Kenya, maduka ya nguo na vibanda vya mafundi cherehani hujaa wazazi na watoto. Huyu apimwa kaptula, yule apimwa sweta; mama mmoja ahesabu fedha zake mara mbili, kisha auliza kama sketi yaweza kushonwa kubwa kidogo ili impate mtoto mwaka ujao pia. Katika siku hizo hizo, wako watoto wengine wanaobaki nyumbani, si kwa kuwa hawapendi kusoma, wala si kwa kuwa mwalimu wao ni mkali, bali kwa kuwa nguo haijapatikana.

Basi si ajabu kwamba vyama vya midahalo katika shule zetu havichoki kulijadili swali hili: Je, wanafunzi walazimishwe kuvaa sare? Upande mmoja husema kuwa sare huleta adabu, umoja na usawa. Upande wa pili husema kuwa sare ni gharama tupu, nayo humnyima kijana uhuru wake. Pande zote mbili husema mengi ya kweli, lakini mara nyingi husema kana kwamba sare ilishuka kutoka mbinguni pamoja na ubao na chaki. Haikushuka. Ina asili yake, ina safari yake, na imebadilika maana njiani. Ajuaye safari hiyo ataweza kulijibu swali letu vizuri zaidi kuliko ajuaye kupiga makelele tu.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, sare ni hali ya kulingana. Timu mbili zikifungana bao moja kwa moja, twasema zimetoka sare. Wanawake wa Pwani wakiazimia kuhudhuria harusi wakiwa wamevaa leso za namna moja, husema wamevaa sare. Tazama basi uzuri wa neno hili: katika mchezo, hakuna mshindi wala mshindwa, katika harusi, hakuna aliye juu wala aliye chini, wote ni watu wa shughuli moja. Hiyo ndiyo ahadi iliyomo ndani ya neno. Lakini ahadi ni jambo moja, na kuitimiza ni jambo jingine.

Moja katika sare za shule za zamani zijulikanazo ulimwenguni ni ile ya Christ's Hospital, shule iliyoanzishwa mjini London mwaka wa 1552, katika enzi ya Mfalme Edward VI. Jina lake lisitudanganye; haikuwa hospitali ya wagonjwa, bali ilikuwa nyumba ya kuwatunza na kuwafundisha watoto yatima na maskini waliokuwa wakitangatanga mjini. Watoto hao walipewa chakula, malazi na masomo, tena walivishwa koti refu la buluu. Kwa nini buluu? Kwa sababu rangi hiyo ilikuwa rahisi kupatikana, na nguo za buluu zilivaliwa sana na watumishi na vijana waliokuwa wakijifunza kazi kwa mabwana zao. Baadaye shule nyingine za sadaka zilianzishwa mahali pengi Uingereza, nazo ziliiga koti hilo, hata watu wakaziita shule za koti la buluu.

Yafaa tuyatie moyoni mambo mawili juu ya koti hilo. La kwanza, lilikuwa alama ya umaskini: aliyelivaa alitambulikana njiani kuwa ni mtoto alelewaye kwa sadaka. La pili, na hili ni kubwa zaidi, mtoto hakulinunua. Shule iliyomtaka alivae ndiyo iliyompa. Hata leo shule hiyo, ambayo ilihamia Horsham mwaka wa 1902, huwapa wanafunzi wake koti lile bila malipo. Kwa hiyo katika asili yake sare haikuwa kizuizi mlangoni. Ilikuwa zawadi aliyoikuta mtoto baada ya kuuvuka mlango.

Miaka mingi ikapita, na mambo yakageuka. Katika karne ya 19, shule za watoto wa matajiri wa Uingereza nazo zikaanza kuweka kanuni juu ya mavazi: koti la namna hii, kofia ya namna ile, tai yenye milia ya shule. Lililokuwa vazi la yatima likawa vazi la watoto wa wakubwa, na alama ya sadaka ikageuka kuwa alama ya fahari. Mzazi wa huko hakupewa nguo hizo. Alizinunua, na kule kuzinunua kwenyewe kulionyesha kuwa anaweza. Basi wamisionari na maofisa wa serikali walipofika Afrika ya Mashariki walikuwa wamebeba mawazo yote mawili katika mfuko mmoja: nguo kama sadaka kwa mnyonge, na nguo kama kipimo cha anayestahili.

Lakini hata kabla ya shule zao, watu wa nchi hizi walijua vizuri kuwa nguo husema. Katika Pwani yetu na katika Unguja, wakati wa utumwa, mtu aliweza kusomwa kwa mavazi yake. Watumwa wengi walivaa merikani, kitambaa kigumu kisichotiwa rangi, kilichoitwa hivyo kwa kuwa kililetwa kutoka Marekani. Na wanawake watumwa walijifunga kaniki nyeusi. Kanzu nzuri, kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Utumwa ulipoondolewa kwa sheria, Unguja mwaka wa 1897 na Pwani ya Kenya mwaka wa 1907, wengi walioachwa huru hawakungoja kufundishwa la kufanya. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliiacha kaniki wakajipamba kwa leso zenye rangi na maua. Walikuwa wakisema kwa nguo yale ambayo sheria ilikuwa imeyasema kwa karatasi: sisi si mali ya mtu tena. Ambaye babu zake walikatazwa kofia hawezi kuambiwa kuwa nguo ni jambo dogo.

Barani nako, elimu na nguo viliingia pamoja. Misheni ya CMS ilianzisha kijiji cha Freretown karibu na Mombasa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na baadaye shule za misheni zikaenea hadi nyanda za juu na Nyanza. Maseno ilianzishwa mwaka wa 1906. Mtoto aliyekwenda kwa wamisionari aliacha ngozi au shuka na kuvaa nguo za kushonwa. Kwa Wagikuyu, waliofuata njia hiyo waliitwa athomi, yaani wasomaji. Na katika Dholuo kulikuwa na neno jonanga, yaani watu wa nguo. Maneno haya mawili yakisimama pamoja hutufundisha jambo. Mmoja alijulikana kwa kitabu, mwingine kwa kitambaa, lakini machoni pa majirani zao walikuwa karibu sawa: kusoma kulikuwa kuvaa, na kuvaa kulikuwa kusoma. Wako wazee walioona fahari, na wako walioona kuwa mtoto wao ameibiwa mbele ya macho yao.

Nguo iliyoshinda nyingine zote katika shule za Waafrika wakati wa ukoloni ilikuwa kaptula na shati la kaki. Neno kaki lenyewe limetoka mbali. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi au udongo, nalo lilipita katika Kiurdu hata likafika kwa askari wa Waingereza kule Bara Hindi, ambao katika miaka ya 1840 walianza kuvaa nguo za rangi ya vumbi ili wasionekane na adui. Kutoka huko kaki ilienea katika majeshi ya Waingereza, ikafika kwetu pamoja na King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka wa 1902. Baada ya askari ikavaliwa na polisi, tarishi wa ofisi na watumishi wengine wa serikali. Na mwisho ikavishwa mtoto wa shule.

Sababu za kuichagua zilikuwa nyingine njema kabisa. Kaki ni ngumu, haichakai upesi, na haionyeshi uchafu upesi. Lakini hatuwezi kuficha kwamba ilikuwa pia rangi ya atiiye amri. Katika koloni ambako watoto wa Wazungu, wa Wahindi na wa Waafrika walisoma katika shule mbalimbali zisizolingana kwa fedha wala kwa majengo, sare nayo ilikuwa mbalimbali, nayo ilimwambia kila mtoto mahali alipowekwa. Kwa hiyo, ndani ya shule moja sare ilifanya watoto walingane. Baina ya shule na shule ilichora mpaka. Lakini mwanadamu ana namna ya kuigeuza alama. Kijana aliyepata nafasi katika shule kama Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926, aliporudi kijijini na nguo zake za shule hakuonekana mtu wa kuamriwa, bali tumaini la ukoo mzima.

Kenya ilipojipatia uhuru tarehe 12 Desemba 1963, mipaka hiyo ilianza kuvunjwa. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, ambayo ilitoa sehemu ya kwanza ya taarifa yake mwaka wa 1964, ilitaka elimu iwe chombo cha kuunganisha taifa, na shule zisigawanywe kwa rangi za watu. Hapo sare ilipata maana mpya. Watoto wa kabila hili na lile, wa dini hii na ile, waliketi dawati moja wakiwa na shati la rangi moja. Shule za harambee zilizojengwa kwa jasho la wananchi nazo zilijichagulia rangi zao, na wanakijiji waliona fahari kuwatazama watoto wao wakipita njiani asubuhi. Mwenye kubeza sare asisahau siku hizo. Kwa watu waliogawanywa kwa makusudi, kulingana kwa macho tu kulikuwa na thamani yake.

Hata hivyo, swali moja halikuulizwa kwa sauti ya kutosha: nani alipe? Ada za shule ziliondolewa katika madarasa manne ya kwanza mwaka wa 1974, lakini malipo ya majengo na mengineyo yakarudi kwa majina mengine. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 sera ya kuchangia gharama iliongeza mzigo wa wazazi. Mwezi wa Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilitangaza kuwa elimu ya msingi katika shule za umma haitalipiwa ada. Idadi ya watoto katika shule za msingi ilipanda kutoka milioni 5.9 hivi mwaka wa 2002 hadi milioni 7.2 hivi mwaka wa 2003. Katika mwaka mmoja, watoto zaidi ya milioni moja waliingia darasani. Ada ikaondoka, lakini sare ikabaki juu ya mabega ya mzazi. Mlango mkubwa ukafunguliwa, na ukaachwa wavu mwembamba katikati yake.

Miongoni mwa walioingia baada ya tangazo hilo alikuwa mzee mmoja ambaye dunia nzima ilimjua baadaye, Kimani Ng'ang'a Maruge. Mwezi wa Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Picha zake zamwonyesha akiwa amevaa sare kamili, sweta, kaptula na soksi ndefu za kufika magotini, akiwa katikati ya watoto walioweza kuwa vitukuu vyake. Mwaka wa 2005 alikwenda New York kuwaombea wasiopata elimu mbele ya wakuu wa mataifa. Alifariki mwaka wa 2009. Wengi wakitazama picha zile hucheka kwa upendo. Lakini na tuzitazame mara ya pili. Mzee aliyeishi chini ya ukoloni, asiyekuwa na chochote cha kuogopa, aliona kuwa ili ahesabiwe mwanafunzi yampasa avae kama mwanafunzi. Kwake sare haikuwa pingu. Ilikuwa haki aliyoidai kwa kuchelewa. Mtoto wa miaka 8 asiyeweza kuinunua naye aelewa hivyo hivyo, ila yeye huelewa akiwa nje.

Hili si neno la huruma tu, kwani limepimwa. Watafiti David Evans, Michael Kremer na Mũthoni Ngatia walichunguza shule za msingi za magharibi mwa Kenya, ambako watoto waliochaguliwa kwa kura walipewa sare bure. Waliona kuwa kukosa shule kulipungua kwa zaidi ya thuluthi moja miongoni mwa waliopewa. Na kwa wale ambao hapo awali hawakuwa na sare yoyote, kulipungua kwa zaidi ya nusu. Katika uchunguzi mwingine mkubwa zaidi, ulioanza mwaka wa 2003 katika shule 328 za sehemu hizo hizo, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer waliona kuwa wasichana wa madarasa ya juu ya msingi waliopewa sare bure waliacha shule kwa uchache kuliko wenzao: katika muda wa miaka mitatu, walioacha walikuwa kama 16 katika kila 100, badala ya 19. Mimba za mapema nazo zilipungua. Shati na sketi vilimlinda msichana kwa namna ambayo hotuba nyingi hazikuweza.

Uaminifu wataka tuseme na upande wa pili. Waliporudi kuwatafuta wale watoto wa uchunguzi wa kwanza baada ya miaka 8, watafiti hawakuona tena tofauti katika muda waliosoma baina ya waliopewa sare na wasiopewa. Kwa hiyo nguo moja iliyotolewa mara moja si dawa ya umaskini. Mtoto hukua, shati huchanika, na mwaka mwingine Januari hurudi. Anayetaka kuondoa kizuizi hana budi kukiondoa kila mwaka.

Sasa twaweza kuzirudia hoja za midahalo yetu. Wasemao kuwa sare huleta usawa hawakukosea, lakini wamesema nusu. Sare huficha tofauti ya shati. Haifichi tofauti ya viatu, ya mkoba, wala ya sweta lililofifia rangi kwa kufuliwa miaka minne. Hata hivyo, ni afadhali kuliko siku zote kuwa siku za mashindano ya mavazi, ambapo mtoto wa maskini hushindwa kabla ya kengele ya kwanza. Wasemao kuwa sare huleta adabu nao waseme kwa kiasi. Adabu hutoka kwa mzazi na mwalimu. Nguo huikumbusha tu. Na sisi walimu twajua kuwa mwanafunzi aliyefukuzwa langoni kwa kukosa soksi za rangi itakiwayo hajifunzi adabu siku hiyo. Ajifunza kuwa soksi ni kubwa kuliko hesabu.

Kuna na jambo la dhamiri. Kule Isiolo, wanafunzi Waislamu wa shule moja ya sekondari iliyofadhiliwa na kanisa walitaka kuvaa hijabu pamoja na sare, na shauri likafika mahakamani. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ilikataa. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufani ikakubali. Na tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ya Rufani, hasa kwa sababu ya namna madai yalivyoletwa, huku ikiitaka bodi ya shule ishauriane na wahusika juu ya kanuni zake za sare. Mabishano haya yatuonyesha tofauti baina ya kulingana na kufanana. Kulingana ni kupewa heshima ile ile. Kufanana ni kuonekana vile vile. Waliotunga sare kwa ajili ya umoja walitaka la kwanza, lakini ni rahisi sana kuteleza hadi la pili. Kitambaa cha kichwani chenye rangi ya shule hakivunji umoja wa shule. Kinachouvunja ni mtoto kuona kuwa ili aingie darasani lazima aache imani ya nyumbani kwao nje ya lango.

Basi jibu langu ni hili: sare na ibaki, lakini lazima yake igeuzwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 humwadhibu mzazi asiyempeleka mtoto wake shuleni. Ni haki. Lakini haiwezi kuwa haki kumlazimisha mzazi amlete mtoto kwa mkono mmoja, na kumrudisha mtoto huyo kwa mkono wa pili kwa ajili ya shati. Lazima iwe juu ya wenye nguvu kabla ya kuwa juu ya wanyonge. Shule na ichague nguo rahisi, inayoweza kushonwa na fundi yeyote wa sokoni, wala isiwaamuru wazazi wanunue katika duka moja kwa bei ya juu. Nguo za waliomaliza na zikusanywe, zifuliwe, zipewe wanaoanza. Serikali ikiona sare ni ya lazima kwa taifa, na iitie katika hesabu ya vitu vya lazima, kama ifanyavyo kwa vitabu. Kwa njia hiyo tutakuwa tumeirudisha sare katika asili yake: nguo itolewayo na yule anayetaka ivaliwe.

Na mpaka siku hiyo ifike, kila mwalimu aliyesimama langoni asubuhi ana uwezo wa kutenda jambo moja ambalo halihitaji fedha wala sheria mpya. Mtoto aliyefika shuleni bila sare amekwisha fika shuleni. Hilo ndilo jambo kubwa. Na aingie, akae, afungue daftari. Habari ya nguo itazungumzwa na wakubwa, naye akiwa darasani.